Vikwaruzo vya barafu vya kebo: nunua hivi kabla ya slaida za bei ghali

Ukinunua pikipiki ya theluji iliyotumika na ukabakiwa na hela kidogo, zipeleke kwenye vikwaruzo vya barafu, ile mikono inayochimba barafu na kurusha unga wake chini ya mashine, kabla ya kitu kingine chochote. Nasema hivi kama fundi wa mashine za kukodisha katika kambi ya wavuvi karibu na Baudette, kaskazini kabisa mwa Minnesota, ukingoni mwa Lake of the Woods. Najua sasa hivi kuna Waswahili wengi kuanzia Fargo hadi Anchorage na hadi Finland ambao wameanza kumiliki mashine hizi, na maswali ninayoulizwa karibu yote yanarudi kwenye kitu kimoja: slaida, zile tepe za plastiki zilizo chini ya reli za mashine, zinaisha haraka mno.

Ziwa letu ni mahali pabaya kwa slaida kuliko msitu wowote. Watu wanakuja kuvua samaki aina ya walleye kupitia matundu kwenye barafu, na wengine wanavuka moja kwa moja hadi Northwest Angle, kile kipande cha Minnesota kilichojitenga upande wa pili wa maji, wakifuata njia iliyosimikwa vijiti juu ya barafu. Upepo hauna mti wa kuuzuia. Theluji ikianguka leo, kesho imepeperushwa, na kinachobaki ni barafu tupu inayong'aa kama kioo kwa maili nyingi.

Kwa ambaye hajawahi kulala chini ya mashine hizi: ndani ya ule mkanda mpana wa mpira kuna fremu yenye reli mbili za alumini, na chini ya kila reli umechomekwa utepe mrefu wa plastiki ngumu. Hiyo ndiyo slaida. Dukani uliza hyfax, watakuelewa. Klipu za chuma zilizobanwa kwenye mkanda zinateleza juu ya plastiki hiyo muda wote mashine inapotembea, na hapo hapapakwi grisi wala oili. Kinacholainisha na kupoza ni theluji inayorushwa na mkanda wenyewe: inaingia, inayeyuka kidogo, inaacha utando mwembamba wa maji. Ondoa theluji, na klipu inabaki ikisugua plastiki kavu kama chapati kwenye kikaango kisichotiwa mafuta. Plastiki yenyewe ni poliethilini ya daraja la juu, ngumu kweli kwa kusuguliwa, lakini inayeyuka kwenye nyuzi 130 hivi za Selsiasi. Juu ya barafu tupu, kwa mwendo wa maili 40 kwa saa, joto hilo halichelewi kufika. Kwanza utanusa plastiki inayoungua. Ukisimama wakati huo, plastiki iliyolainika inaganda na kung'ang'ania klipu, na ukitaka kuondoka mkanda unagoma kuzunguka.

Hapa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi vya kutosha. Mashine yenye injini ya kupozwa kwa maji ina vipoozeo juu ya mkanda, navyo vinategemea theluji ileile inayorushwa. Theluji ikikosekana, taa ya joto inawaka na mwendeshaji anajua kuna tatizo. Lakini mashine za feni, yaani zile ambazo injini yake inapozwa na feni, kama Polaris Indy 550, hazina vipoozeo hivyo. Kambi nyingi za uvuvi zinazipenda kwa sababu matunzo yake ni mepesi, na mimi pia nazipenda. Ila injini ya feni itakaa salama kabisa huku slaida zinaungua chini yako bila taa yoyote kuwaka. Mwenye mashine ya feni anahitaji vikwaruzo kuliko mtu mwingine yeyote, na ndiye wa kwanza kuambiwa havimhusu.

Sasa bidhaa yenyewe. Kikwaruzo ni mkono unaofungwa kwenye reli, mmoja kila upande, wenye ncha ngumu inayoburuzwa kwenye barafu. Ncha inachimba, unga wa barafu unaruka, mkanda unauchukua na kuupeleka juu kwenye slaida na vipoozeo. Ni hivyo tu. Kuna aina mbili kuu sokoni, na kampuni kadhaa zinazitengeneza kwa muundo unaofanana. Ya kwanza ni ya chuma cha springi kilichopindwa. Ya pili ni ya kebo ya chuma iliyosokotwa, yenye ncha mwishoni. Kwa kila jozi tenga kati ya dola 60 na 120.

Nimefunga aina zote mbili kwenye mashine zetu. Kwa nguvu ya kuchimba, springi inashinda: inakandamiza zaidi na inarusha unga mwingi zaidi, hasa kwenye barafu ngumu ya Januari. Mtu anayeendesha mashine yake mwenyewe, mwenye nidhamu ya kuinyanyua na kuifunga kwenye ndoano yake kabla ya kurudi nyuma, atafaidika nayo. Tatizo ni huko kurudi nyuma. Springi nyingi zimetengenezwa ziburuzwe upande mmoja. Ukitia rivasi zikiwa chini, ncha inajichomeka kwenye barafu na mkono unapinda au unakatika. Mgeni aliyekodi mashine, mikono imekufa ganzi, akili yake iko kwenye samaki, hawezi kukumbuka hilo kila mara, na si haki kumtarajia akumbuke. Kebo inajikunja upande wowote inakosukumwa, kisha inarudi. Ndiyo maana mashine zote za wageni sasa zina kebo, na mimi natoa alama zangu za juu kwa kebo.

Kebo nayo ina kasoro zake. Nyuzi zinaanza kufumuka karibu na ncha kabla ncha yenyewe haijaisha, na ukiona hivyo badilisha mara moja, kwa sababu uzi uliokatika utakuchana kiganja kupitia glovu. Ufungaji unataka kutoboa reli, kwa hiyo pima kwa makini: mkono usiguse mkanda wakati fremu imebonyea hadi mwisho. Kaa mbali na kingo za reli na matundu mengine yaliyopo. Alumini hiyo inabeba uzito wako wote ukiruka tuta, usiifanye chujio.

Ndugu mmoja Mkongomani anayeishi Fargo alinipigia simu akiwa ziwani, sauti imejaa wasiwasi. "Kaka fundi, mashine inanuka plastiki na njia yote ni barafu. Nifanye nini?" Nikamwambia, "Pole ndugu yangu. Usisimame ghafla. Punguza mwendo, tafuta theluji iliyorundikana pembeni, hata kama ni kidogo, pita juu yake taratibu hadi harufu iishe." Akapita pembeni mwa njia, kwenye matuta yaliyoachwa na mashine ya kusawazisha, na mkanda ukapata cha kunywa. Alifika. Baadaye alileta mashine tukaifunga kebo, na tulipoilaza ubavu nikamwonyesha kwa kidole: slaida ya kushoto ilikuwa imeliwa zaidi ya ile ya kulia, mbele zaidi kuliko nyuma.

Dalili hiyo ya upande mmoja haitibiwi na kikwaruzo. Slaida ikiliwa upande mmoja, mkanda haujanyooka. Kuna bolti mbili za kurekebisha nyuma ya fremu. Nyanyua nyuma ya mashine, zungusha mkanda polepole, utazame nafasi kati ya klipu na slaida pande zote mbili, urekebishe kidogo kidogo mpaka zilingane. Kisha angalia mkazo wa mkanda. Mkanda uliobana sana unazikandamiza klipu kwenye plastiki kila sekunde, na uliolegea unaruka meno ya magurudumu ya kuendesha. Kila mtengenezaji ametaja kwenye kitabu chake uzito wa kuning'iniza katikati ya mkanda na mkanda ushuke kiasi gani. Fuata namba ya mashine yako. Namba ya jirani yako mwenye Ski-Doo haikuhusu wewe mwenye Polaris.

Magurudumu madogo ya kwenye reli nayo yachunguzwe, kwa maana ndiyo yanayoubeba mkanda usiulalie plastiki. Zungusha kila moja kwa kidole. Likikwaruza au likigoma, beringi imekufa na uzito wake umehamia kwenye slaida. Mara nyingi ni beringi ya 6205, namba ambayo fundi yeyote wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, anaijua kwa kichwa, na bei yake ni ndogo. Kama mashine yako ilitoka kiwandani na magurudumu machache, kuongeza jozi moja kunasaidia kweli kwenye njia ngumu. Kwenye theluji laini ya milimani huenda usione faida, maana yanaongeza uzito na theluji yenyewe inafanya kazi.

Klipu pia. Iliyopinda au iliyolika hadi ikawa na makali inakwangua plastiki mpya kila inapopita. Watu wanabadilisha slaida tena na tena huku klipu mbovu imebaki pale pale.

Slaida zenye grafaiti nimezijaribu kwa sababu wateja wanaziulizia sana. Ni nzuri. Zinateleza vizuri zaidi kuliko za kawaida, na siku ambazo baridi imeshuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri tofauti inaonekana, kwa sababu theluji ya baridi hiyo ni kavu kama mchanga na haiachi maji upesi. Lakini ni plastiki ileile iliyochanganywa na grafaiti. Kwenye barafu tupu bila vikwaruzo itayeyuka tu, na utakuwa umelipa zaidi kuiyeyusha. Jozi ya kawaida pamoja na vikwaruzo itadumu kuliko jozi ya grafaiti peke yake. Hilo nimeliona kwenye mashine zinazotoka kambi moja, zikipita njia moja. Dawa za kupulizia za silikoni ziache. Zinafaa wakati wa kuchomeka slaida kwenye reli, basi. Ukiondoka nazo zinafutika kabla hujafika mbali.

Ubavuni mwa slaida nyingi kuna mstari wa kikomo. Plastiki ikifika kwenye mstari huo, hata kama ni sehemu moja tu, badilisha zote mbili. Ukichelewa klipu zitaanza kula reli ya alumini, na reli ni pesa za aina nyingine kabisa. Kazi yenyewe inawezekana nyumbani: laza mashine ubavu ukiwa umeangalia mafuta yasimwagike, fungua skrubu ya mbele, toa ya zamani kwa nyundo na kipande cha mbao ukipitia kwenye matundu ya mkanda. Piga msasa kingo za reli, paka maji ya sabuni, ingiza mpya taratibu. Ncha yake ya mbele iwe imechongwa mteremko ili klipu zipande bila kugonga.

Slaida mpya inabana na inapata joto upesi hadi izoeane na klipu, kwa hiyo siku ya kwanza usiende ziwani. Ipeleke msituni kwenye theluji laini, mwendo wa wastani, na ukifika nyumbani iguse kwa mkono mtupu: ikiwa nyororo na inang'aa kwa usawa pande zote mbili, ruksa kwenda Northwest Angle, vikwaruzo vikiwa chini.