Ekzosi Mpya ya Pikapu, Chake Chake
Ekzosi ya pikapu yangu, ambayo msimu wa karafuu hubeba magunia kutoka Wete, ilikuwa imeliwa na kutu kuanzia sailensa hadi mkiani, kwani upepo wa bahari wenye chumvi hauna huruma na chuma. Fundi wa gereji moja ya hapa mjini alikataa kuchomelea kiraka. Aligusa bomba kwa bisibisi, likatoboka kama karatasi, ndipo akabadilisha mfumo mzima pamoja na gasketi na mipira ya kuning'inizia. Kisha, injini ikinguruma, akaziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene na kusikiliza kila kiungo kama kinavujisha. Kilichoniudhi ni kungoja siku mbili, ilhali niliahidiwa moja. Moshi, hata hivyo, hauingii tena ndani.