Mota za kuinamisha taa za mbele: moja nimeiponya nyumbani, nyingine imenipeleka Gerezani

Kwa mwenye haraka: mota iliyokwama kwa grisi kavu na uchafu inatengenezeka nyumbani, tena bila vifaa vya ajabu. Iliyokwisha meno ya gia, usiisumbukie; katafute nyingine ya mtumba. Mwenye nafasi aendelee kusoma, kwa sababu kazi kubwa ni kujua ya kwako iko kundi lipi kabla hujafungua pochi.

Gari langu ni dogo, la Kijapani, limeingia nchini likiwa limeshatumika kama mengi tunayoyaendesha. Kwenye dashibodi, karibu na usukani, kuna swichi ndogo ya kuzungusha yenye namba 0 mpaka 5. Najua watu walio na gari miaka na miaka na hawajawahi kuigusa. Kazi yake ni hii: ukipakia nyuma, matako ya gari yanashuka na pua inanyanyuka, na taa zako za dimu ambazo jana zilikuwa zinamulika lami leo zinamulika macho ya anayekuja. Unazungusha namba, mota mbili ndogo, moja nyuma ya kila taa, zinainamisha mwanga. Ulaya kifaa hiki kimekuwa sharti kwa magari mapya tangu miaka ya 1990. Sisi hapa tunakipata bure ndani ya gari la mtumba, halafu tunakiacha kife.

Changu kilikuwa kimekufa, na nilijua nikitoka Muheza. Buti limejaa machungwa, nyuma wamekaa watu wazima watatu, na kuanzia Segera kuja Chalinze karibu kila dereva ananipigia full. Nilikuwa kwenye dimu muda wote. Nikazungusha swichi mpaka mwisho: taa ya kushoto kimya, ya kulia inalia "nyiii" lakini mwanga haushuki hata kidogo.

Fundi wa kwanza niliyempelekea alifungua boneti, akachungulia, akafunga. "Bosi, hizi hazitengenezwi. Nunua taa nzima, mbili." Bei aliyotaja ilinitosha kununua matairi. Nikamshukuru nikaondoka.

Ukiwa na mota mkononi unashangaa udogo wake. Ni kiboksi cha plastiki nyeusi kinachoenea kiganjani, kina plagi ya waya tatu upande mmoja, na upande wa pili inatoka fimbo fupi yenye gololi ya plastiki kwenye ncha. Gololi hiyo inaingia kwenye kikombe kilicho mgongoni mwa rifleta, ile sehemu inayong'aa ndani ya taa. Fimbo ikisogea mbele au nyuma, rifleta inainama au inainuka. Waya mmoja ni wa moto, mmoja wa ethi, wa tatu unaleta maagizo kutoka kwenye swichi. Ndani kuna potenshomita inayoiambia mota imefika wapi ili isimame.

Kwa hiyo pima kabla ya kufungua chochote. Washa swichi ya gari, washa dimu, mtu azungushe namba wakati wewe umesikiliza kila taa. Zote mbili kimya? Anzia kwenye fyuzi na swichi yenyewe, maana si rahisi mota mbili zife pamoja. Moja inafanya kazi na nyingine haifanyi? Swichi ni nzima, tatizo liko kwenye taa ile. Mota inalia na mwanga hausogei? Ama gololi imechomoka kwenye kikombe, ama gia imekwisha. Hili la gololi kuchomoka hutokea sana kwa gari lililogongwa kidogo mbele au lililobadilishwa balbu na mtu mwenye mikono mizito, na kulirudisha hakuhitaji spea yoyote. Ukiwa na mita, pima pia plagi: moto upo, ethi ipo, na volti za waya wa tatu zinabadilika mtu akizungusha namba.

Upande wa kushoto nilizikuta zote sawa, basi mota ndiyo mgonjwa. Nilitoa nguzo hasi ya betri, nikaitoa betri yenyewe kupisha mkono, nikachomoa balbu. Mota ya gari langu imefungwa kwa kuzungusha robo mzunguko, lakini ikishalegea haichomoki moja kwa moja kwa sababu gololi bado imeng'ang'ania kikombe. Hapa ndipo pa kuwa mpole. Kile kikombe ni plastiki iliyokaa jirani na joto la balbu miaka mingi. Kikivunjika, itabidi taa ifunguliwe kioo, na hapo yule fundi wa taa nzima atakuwa amesema kweli. Mimi niliinamisha mota pembeni huku nikiitikisa taratibu mpaka gololi ikateleza.

Kiboksi kimebanwa kwa vibano, nikavitenganisha kwa ubapa wa kisu chembamba. (Vingine vimeyeyushwa pamoja kiwandani, hivyo usivipasue, havirudi.) Piga picha kwa simu kabla hujatoa gia hata moja. Nilichokiona ndani kilieleza kila kitu: grisi imegeuka rangi ya kahawia, imeganda kama nta ya mshumaa uliozimika, na njia nyeusi ya kaboni ya potenshomita ina vumbi jeusi lililojikusanya pale pale ambapo kidole chake kimekaa miaka yote swichi ikiwa kwenye 0. Nilikwangua grisi kwa kijiti, nikapulizia dawa ya kusafishia kontakti, nikapangusa ile kaboni kwa pamba bila kukandamiza, nikapaka grisi ya silikoni kidogo tu. Usitumie grisi ya bearing. Ni nzito kwa mota ya ukubwa huu.

Usiirudishe kwenye taa bado. Ichomeke kwenye plagi ya gari ikiwa nje, rudisha betri, na mwanao azungushe namba. Fimbo yangu ilitoka, ikasimama, ikarudi, kwa kila namba. Nilimwita hadi mama watoto aje aone, akaniuliza kama sasa naweza kufunga kila kitu ili aende sokoni.

Ya kulia ilikuwa habari nyingine. Gia kubwa nyeupe ilikuwa imelika meno manne mfululizo, unga wake umetapakaa kwenye grisi. Gundi haifai hapo. Jino la gundi linabeba mizunguko michache halafu linadondoka na kwenda kukwamisha gia nzima. Wapo wanaoitoa mota na kuifunga rifleta kwa waya. Kufikia nyumbani usiku sawa, ila ukiiacha hivyo umejirudisha kule kule kwa kupofusha watu.

Nikanakili namba ya spea iliyoandikwa ubavuni nikaenda Gerezani, mtaa wa spea za magari Dar es Salaam. Muuzaji alitaka elfu sitini. "Mzee wangu, hii ni Japani tupu, haijaguswa." Nikamwambia tuichomeke kwenye gari langu pale nje kwanza. Alikubali bila ubishi, na hilo ndilo lililonifanya nimnunulie yeye. Ya kwanza aliyoleta ilitetemeka tu. Ya pili ilisogea vizuri, tukamalizana kwa elfu thelathini na tano. Asiyekubali uijaribu, mwachie kitu chake.

Kuirudisha kuna ujanja mmoja: gololi haiwezi kuingia kwenye kikombe ikiwa rifleta inasogea mbele kila ukiisukuma. Pitisha vidole kwenye tundu la balbu, shika ukingo wa rifleta, ivute kuja nyuma huku mota ikisukumwa, mpaka usikie "tak". Usiguse sehemu inayong'aa, na usishike kioo cha balbu ya halojeni kwa vidole vitupu.

Baada ya hapo lazima upange taa upya. Tairi ziwe na upepo unaotakiwa, swichi iwe 0, mtu akae kwenye kiti cha dereva, gari lisimame mita 10 kutoka ukutani mahali tambarare. Mstari wa juu wa mwanga wa dimu ushuke kama sentimita 10 chini ya usawa wa katikati ya taa, kisha rekebisha kwa skrubu iliyo nyuma ya taa.

Jumla, pamoja na dawa na grisi, sikufika elfu sitini. Dawa ya kontakti naipa tano kwa tano. Mota ya mtumba naipa nne, kwa sababu inalia kwa sauti kuliko ile niliyoisafisha. Wenye taa za xenon zinazojipanga zenyewe, maelezo haya hayawatoshi: kwenu kuna kihisi chini karibu na ekseli ya nyuma, na mara nyingi kinachokufa ni hicho au kimkono chake kilicholiwa na kutu, mota zikiwa nzima kabisa. Angalieni huko chini kwanza.