Kipima Gesi ya Rejeta kwenye Peugeot 504: Uzoefu Wangu

Peugeot 504 yangu, ya injini ya petroli ya sentimita za ujazo 1,971, ilikuwa haina tatizo lolote kutoka Morogoro hadi Ruaha Mbuyuni, lakini ikianza kupanda mlima wa Kitonga nyuma ya malori ilichemsha. Mafundi wote niliowaonyesha walitoa jibu moja, kwamba gasketi (kizibo kati ya hedi na bloku) imeungua na hedi, yaani kichwa cha injini, ifunguliwe. Nilisita, kwa kuwa injini hii ina hedi ya alumini juu ya bloku ya chuma cha kumimina, na slivu zake, yaani mirija ambamo pistoni hucheza, huzungukwa na maji moja kwa moja. Ukiondoa hedi kisha krenki (mhimili unaosukuma pistoni) ikazungushwa kabla slivu hazijabanwa, slivu zinaweza kunyanyuka pale zilipokalia, na hapo utakuwa umeanzisha uvujaji ambao haukuwapo. Ndiyo sababu nilinunua kwanza kipima gesi ya rejeta, kifaa kinachoonyesha kama gesi ya mwako inaingia kwenye maji ya kupozea injini.

Kifaa chenyewe ni mrija unaopitisha mwanga, wenye vyumba viwili, puto la mpira la kuvuta hewa juu, na kizibo cha mpira chenye umbo la pia chini, ambacho hukaa vizuri kwenye mdomo wa rejeta za aina nyingi, za zamani na za sasa. Ndani hutiwa dawa ya rangi ya bluu. Injini ikiwa inanguruma na imepata joto, unabonyeza puto ili hewa iliyo juu ya maji ya rejeta ipite ndani ya dawa. Ikiwa gesi ya mwako inapenya kutoka kwenye silinda, kaboni dioksidi iliyomo huigeuza dawa kuwa ya njano. Kabla ya kuiamini dawa, ijaribu kwa pumzi yako mwenyewe, kwani pumzi ya binadamu nayo ina gesi hiyo, na dawa isiyobadilika hata kwa pumzi haifai kitu.

Karatasi ya maelekezo iliyokuja na kifaa ni duni, nami naona hapa ndipo wengi watakapoharibu kipimo. Haisemi wazi kwamba maji ya rejeta yapunguzwe kwanza, ilhali kulanti (maji hayo ya kupozea) ikivutwa hadi kwenye dawa huichafua na majibu yake hayana maana tena. Haigusii kabisa suala la mwinuko. Mjini Iringa, penye mita zipatazo 1,600 juu ya usawa wa bahari, maji matupu huchemka kwenye nyuzi 95 hivi mfuniko ukiwa wazi, kwa hiyo muda kati ya kufunguka kwa thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta yakipata joto) na kuchemka ni mfupi kuliko ulivyo Dar es Salaam. Mfuniko uondolewe injini ikiwa baridi, kisha ndipo iwashwe. Kuufungua injini ikiwa moto ni kujitafutia kuungua uso.

Dawa yangu ilibaki bluu. Jibu hilo peke yake halimalizi shauri, kwa sababu ufa mdogo wa hedi unaweza kufunguka tu injini inapobeba mzigo mzito, lakini lilinitosha kutafuta kwingine kwanza. Nilichukua kipimajoto cha kulenga kwa mbali, nikabandika utepe mweusi kwenye sehemu zinazong'aa kwa kuwa chuma kilichosuguliwa hukidanganya kifaa hicho, nikapima rejeta nzima huku gari limesimama. Joto lilikuwa sawa kila mahali, ishara kwamba mirija haikuziba, lakini mpira wa maji wa chini wa rejeta ulikaribia kuwa na joto sawa na wa juu; yaani maji yalikuwa yanazunguka bila kupozwa. Hewa ndiyo iliyokosekana. Feni ya 504 hushikwa na sumaku ya umeme inayoamriwa na swichi ya joto, na kaboni inayopeleka umeme kwenye sumaku hiyo ilikuwa imelika, hivyo feni ilizunguka kivivu tu. Kwenye mwendo wa kasi upepo wa barabarani ulificha kasoro hiyo. Kitonga, kwa mwendo wa malori, hakukuwa na upepo wa kuificha. Kaboni mpya ilifungwa bila kugusa hedi, na gari sasa linapanda mlima ule na abiria wake bila kusimama.

Wenye Volkswagen Beetle za zamani wasihangaike na kifaa hiki, maana injini yao hupozwa kwa hewa. Kwa wengine wenye magari ya zamani, bei ya kifaa haifiki hata gharama ya kuiskimu hedi, yaani kuisawazisha uso. Nakipa nyota nne kati ya tano, na ile moja naiondoa kwa sababu ya chupa ya dawa, ambayo ni ndogo, haionyeshi tarehe ya mwisho wa matumizi, na muuzaji wangu haiuzi peke yake bila kukununulisha kifaa kizima upya.