Uzoefu wangu: kutafuta brauza ya kompyuta isiyo na intaneti, na yule kijana wa saiba

Hii saiba siitaji jina, iko mjini Mombasa upande wa Mwembe Tayari na wenyewe wakisoma watajijua. Nlitaka kuipa nyota mbili kwa sababu mtandao wao kweli uko mbio, lakini kadri navyoandika naona hata hizo mbili ni nyingi.

Sisi madrasa yetu huku Likoni tulipewa kompyuta kuukuu za msaada, zina Windows 7 na brauza (ile programu ya kufungulia kurasa) iliyokuja nayo ni Internet Explorer 8, kitu cha 2009 hicho. Intaneti hatuna, pesa ya kulipia kila mwezi itoke wapi. Tulichofanya ni kuchukua mashine moja iliyo na nguvu kidogo tukaiweka Kolibri, programu ya masomo, na Kiwix, programu ya kusomea Wikipedia ya Kiswahili bila mtandao, hizi zengine tukaziunga nayo kwa waya na swichi, mtoto afungua brauza, aandika anwani ya ile mashine kubwa, asoma hesabu yake na hakuna bando linaloliwa hata kidogo. Sasa ile Explorer kurasa yazileta nyeupe tupu, ikijitahidi sana yaleta maandishi yamepandana na vitufe havibonyezeki. Kwa hivyo twahitaji brauza ya maana, basi, si kingine.

Nkavuka feri, nkapanda matatu, nkafika pale nkamwambia yule kijana vizuri tu, mwanangu naomba unidanlodie brauza uniwekee kwa flashi, kompyuta zenyewe hazina intaneti. Nlilisema hilo mwanzo kabisa. Akacheka. Akamgeukia mwenzake akamwambia, "Maalim ataka brauza na intaneti hana, sasa ataifungua aangalie nini?" na watu wamejaa pale, wengine wanafunzi, wote wakanitazama. Nkaanza kumweleza habari ya seva ya ndani, yaani ile mashine yetu kubwa, hata hanisikizi, ashavaa hedifoni zake. Akabonyeza mara mbili tatu akanirudishia flashi, "tayari maalim," nkalipa.

Nafika madrasa, watoto wamekaa wasubiri, nafungua setapu, yazunguka, yazunguka, kisha ujumbe: haiwezi kuunganika na intaneti. Mashine ya pili vilevile. Kwani ile faili aliyonipa haina brauza ndani! Ni kijisetapu kidogo ambacho kazi yake ni kwenda mtandaoni kuivuta brauza yenyewe. Ni sawa na kuuziwa mtungi wa gesi, ubebe mpaka nyumbani, ndo uambiwe uko mtupu ukajazwe mjini.

Hapo mwanzo hasira zangu zote zlikuwa kwa wenye brauza. Kwa nini kitufe kikubwa cha mbele kikupe kile kidogo, na kile kizima kifichwe? Na si wa kampuni moja, mtindo umekuwa huo, hata Firefox ukiwa na Windows ukibonyeza bila kuangalia wapewa kadogo. Waliounda haya mambo waona dunia nzima ina waya wa faiba ukutani.

Lakini ngoja niwe mkweli, nlipotulia nkatafuta kwa simu yangu usiku nkakuta kumbe vipo. Chrome wana setapu kamili ya kuinstoli bila mtandao. Firefox wana ukurasa wa kudanlodi matoleo yote, wachagua mwenyewe Windows, wachagua biti 32 au 64 kulingana na aina ya mashine yako, wapewa faili kamili ya zaidi ya MB 50. Na hapo ndipo nlipopata jambo lengine lililonichemsha upya: Chrome waliacha kuishughulikia Windows 7 baada ya toleo la 109, mapema 2023. Yaani hata yule kijana angenipa ile kubwa ya kisasa isingeinstoli! Hakuniuliza ni Windows gani. Hakuniuliza ni biti ngapi. Swali moja tu alilokuwa nalo ni nitaangalia nini.

Firefox toleo la mwisho linalokubali Windows 7 ni 115, ile wanayoiita ESR, yaani toleo linalohudumiwa kwa muda mrefu. Nkaidanlodi kwa simu, bando langu mwenyewe, nkaihamisha kwa waya wa USB, na mashine zetu nyingi ni za biti 32 kwa hivyo nkachukua zote mbili nisije nkakwama tena. Ikaingia. Haikuitisha akaunti, haikuitisha mtandao. Ukiifungua mara ya kwanza yalalamika kidogo kwamba haioni seva za mtandaoni, waachana nayo, waandika anwani ya mashine kubwa pale juu, na Kolibri hiyo hapo na picha zake na video zake zacheza. Kuna binti mmoja wa darasa la sita akafungua Wikipedia akatafuta Mombasa, akaanza kuwasomea wenziwe kwa sauti habari za Fort Jesus, ile ngome ambayo Wareno walianza kuijenga 1593, na yeye yuko ng'ambo ya feri tu na hajawahi kuingia ndani. Wakamzunguka wote, swali juu ya swali.

Sasa huyo ndiye aliyekuwa akichekwa pale saiba. Mie nimezoea, nimefundisha miaka, lakini kejeli ile ilikuwa ya watoto hawa, na ndo maana haitoki kichwani.

Firefox nawapa nyota nne. Ya tano nainyima kwa sababu ya kukiweka kile kizima mahali ambapo mtu lazima ajue kwanza kwamba kipo ndo akitafute, na wanaokihitaji zaidi ndo wasiojua. Ama labda niwape tu, maana wao angalau bado walitukumbuka sisi wa Windows 7 wakati wengine washatutupa. Haya, tano.

Saiba sifuri. Na pesa yangu nataka kurudishiwa, nitavuka wiki hii nimwambie mwenye duka, si yule kijana, mwenye duka mwenyewe.