Kisanduku cha vidonge cha wiki: kinahesabu, hakilindi

Kisanduku cha plastiki chenye vyumba saba, kile kinachouzwa kwenye maduka ya dawa, kimebuniwa kwa mtu mzima anayejimezea dawa mwenyewe. Kwa mtoto anayetumia fluoksetini ya sonona au methilifenidati ya ADHD (tatizo la kukosa umakini na utulivu), kina kazi moja tu: kumwonyesha mzazi kwamba dozi ya leo imetoka. Kama imemezwa, hakisemi. Kidonge hufichwa shavuni, hivyo mpe maji, mzungumzishe kidogo, kisha tazama chini ya ulimi.

Herufi za siku ni za Kiingereza, T mbili na S mbili, na wino wake hufutika. Bandika plasta uandike Jumanne na Alhamisi kwa kalamu isiyofutika. Cha vyumba 28 kiache, labda kama anameza mara kadhaa kwa siku. Vifuniko vyake hufyatuka kwenye begi.

Kasoro kubwa ni usalama. Mtoto wa miaka 3 anakifungua kwa kidole, na ndani zimo dozi za siku saba zilizokwisha kutolewa kwenye pakiti. Kwa kijana mwenye mawazo ya kujiua, hatari ni kubwa zaidi. Ukikinunua, basi nunua na sanduku la chuma lenye kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mzima. Panadoli za nyumbani nazo ziingie humo.

Si kila dawa hupangwa kwenye kisanduku cha wiki. Kliniki nyingi za afya ya akili huku kwetu huhudumia pia kifafa, na vidonge vya sodiamu valproeti hunyonya unyevu. Kwa joto la pwani viache kwenye pakiti yake. Methilifenidati ya kutoka polepole usiivunje wala kuiponda, maana dozi ya siku nzima itaingia mwilini kwa mkupuo.

Daftari utanunua mwenyewe, na ndilo lenye manufaa kuliko kisanduku. Andika saa ya dawa, usingizi na hamu ya kula. Methilifenidati hupunguza hamu hiyo: mtoto wa miaka 10 kushuka chini apimwe uzito kila miezi 3, kimo kila miezi 6. Kwa fluoksetini, kaa macho wiki za kwanza na kila dozi inapobadilishwa. Tangu 2004 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, imetaka onyo la mawazo ya kujiua kwa vijana liandikwe kwenye dawa za sonona. Akianza kuhangaika isivyo kawaida au kuzungumzia kifo, mfikishe kwa daktari siku hiyohiyo, dawa usiikatishe mwenyewe.

Ukikuta chumba cha jana bado kimejaa, usimpe viwili leo. Mpe cha leo, cha jana kiandike daftarini.