SHOUTcast ya kwanza: MP3 isiyoisha

Karibuni tena, watazamaji. Leo mezani tuna seva ya SHOUTcast, programu ya kurusha redio kwenye intaneti, toleo la kwanza, kazi ya Nullsoft, walewale wa Winamp, pleya ya muziki ya kompyuta. RealAudio, mfumo mwingine wa sauti mtandaoni, ilishatangulia tangu 1995, lakini ilikudai pleya yake na seva yake. Hawa wakatumia MP3 ya kawaida, na kurusha redio kukawa bure. Mwaka 1999 AOL, kampuni ya intaneti ya Marekani, ikainunua Nullsoft nzima.

Ujanja wenyewe ni mwepesi hadi unachekesha. Pleya inabisha hodi, seva inajibu "ICY 200 OK", kisha inamwaga MP3 bila kutaja ukubwa wa faili. Pleya inajiona inapakua wimbo, basi tu wimbo hauishi.

Tufungue sc_serv.conf, faili la mipangilio ya seva. Angalia hapa: PortBase=8000, yaani namba ya mlango (port) wa kuingilia. Wasikilizaji wanaingia 8000, mtangazaji anarushia 8001. Wengi hukwama papo hapo: wamefungua 8000 peke yake kwenye ruta, Winamp ya mtangazaji inagoma kuunganika. Fungua zote mbili, ila ndani ya plagini, kile kiongezo cha Winamp kinachorusha matangazo, andika 8000; moja itajiongeza yenyewe. Halafu Password, ambayo inakuja ikiwa "changeme". Ukiiacha hivyo, mpita njia yeyote anakunyang'anya kituo.

Sasa jina la wimbo linalopita kwenye skrini. Pleya ikiliomba, seva hulichomeka katikati ya sauti, kwa kawaida kila baada ya baiti 8192. Kwanza inakuja baiti moja ya kipimo. Izidishe kwa 16 upate urefu. Tuseme ujumbe wote ni "StreamTitle='Habari';". Hizo ni herufi 21. Haziingii kwenye 16, kwa hiyo kipimo ni 2, yaani nafasi 32, na 11 zilizobaki zinajazwa sifuri. Pleya ikikosea hesabu hata kwa baiti moja, maandishi yanachezwa kama sauti: utasikia "tap, tap", kila baada ya muda uleule. Mtu atalaumu spika bure.

Udhaifu wake mkubwa ni upana wa laini. Kila msikilizaji anapewa nakala yake. Modemu ya 56k ya V.90 inapandisha kilobiti 33.6 kwa sekunde, tena ikiwa na bahati. Ukirusha kwa kilobiti 24 kutoka nyumbani, umepata msikilizaji mmoja. Wa pili akiingia, wote wawili wanakatikakatika. Dawa ilikuwa kupandisha mkondo mmoja hadi seva yenye laini nene, igawe huko. MaxUser, kikomo cha wasikilizaji, inakuja na 32: kwa kilobiti 24 hiyo ni kilobiti 768, kwa 128 ni zaidi ya megabiti 4. Piga hesabu hiyo kabla hujaongeza namba.

Alama? Ubunifu 9 kwa 10, usalama 3. Na hizo tatu nimekuwa mkarimu.