Deki ipi (kisomea CD cha kompyuta) ununue kuhamishia nyimbo za CD?

Kabla hujapanda daladala ya Kariakoo, nenda kwa yeyote mwenye kompyuta ya zamani yenye deki ukachungulie CD zako. Zile za "nyimbo mia" tulizouziwa na wamachinga nyingi ni MP3: unazikopi kwenye flashi, biashara imekwisha. Ukikuta Track01.cda yenye KB 1, hiyo ndiyo CD halisi ya muziki, na hiyo cda ni kibandiko tu, wimbo haumo ndani yake. Mimi niliwahi kukopi CD ishirini za Msondo za marehemu baba kwa namna hiyo, flashi ikawa kama haijaguswa, nami nikafurahia nafasi iliyobaki!

Kwangu namba moja ni deki nene ya kompyuta ya mezani, ya mtumba, unayoiunganisha kwa adapta ya kutoka SATA (tundu la nyuma ya deki hizo) kwenda USB. Haina sura, lakini imenisomea CD mbili zilizochubuka ambazo deki nyembamba ilizikataa. Mtego uko kwenye adapta. Deki hii inataka volti 12 na volti 5, wakati tundu la kawaida la USB linatoa 5 tu. Ukiomba "adapta ya SATA" bila maelezo, utapewa ile ya diski ndogo za laptopu, na CD haitazunguka. Dai yenye chaja yake ya volti 12. Deki ikiwa ya utepe mpana wa IDE, muunganisho wa zamani usioingia kwenye adapta hii, iache hapo hapo mezani.

Namba mbili ni deki nyembamba ya USB, mpya. Kwa CD chache zilizotunzwa inatosha kabisa. Ikilialia kisha ikakatika, usikimbilie kusema mbovu: tundu la USB 2.0 hutoa miliampia 500, nayo ikianza kuzunguka huenda ikataka zaidi. Tafuta waya wa vichwa viwili, unaochomekwa kwenye matundu mawili ya USB. Na dukani ijaribu kwa CD yako yenye michubuko, usikubali ya muuzaji.

Laptopu ya mtumba yenye deki ni ya tatu. Unalipia kompyuta nzima kwa ajili ya jicho la kusomea CD lililochoka.

Programu ya kuhamishia nyimbo ni bure. Kwenye Windows natumia Exact Audio Copy, kwa sababu hurudia kusoma penye mashaka. Ni ya polepole, iache ukapike. Anza na CD za kuchoma, maana joto na jua huzichakaza upesi. Hifadhi kwa FLAC, aina ya faili la muziki: dakika moja ya CD ni takriban MB 10, FLAC huishusha hadi karibu nusu bila kupoteza sauti. Kutoka hapo ndipo utengeneze MP3 ya kbps 320 kwa ajili ya simu, kama MB 2.4 kwa dakika.

Kumpelekea kijana wa duka la kuchoma CD ni la mwisho. Ukilazimika, mwambie FLAC kabla hajaanza, na CD zako uzihesabu mbele yake.